Pete za Malalamiko Tudor: Kisa cha Kioo Kilichokunjwa Upya

Niliitwa kwenda Tudor, mtaa wa kisiwa cha Mombasa, mwezi wa Februari, kaskazi bado inavuma na mvua iko mbali, nikatazame mtandao ambao meneja wake aliueleza kwa maneno matatu: "Wa mbali wanapata."

Kampuni ni ndogo. Inauza intaneti ya majumbani kwa mawimbi ya milimita, gigahetsi 28, kutoka kwenye paa la jengo moja refu hapa kisiwani. Antena ya kituo iko mita 46 juu ya maji ya bahari. Paa za wateja, za nyumba za Tudor zinazoteremka kuelekea majini na za ng'ambo upande wa Kisauni, nyingi ziko kama mita 10 juu ya maji hayo hayo, kwa hiyo tofauti ni mita 36. Shika namba hiyo, maana kisa chote kimeijengea. Mteja wa mwisho yuko kilomita 1.5, ng'ambo ya mkono wa bahari, naye hakuwa na neno. Aliyekuwa akipiga simu kila jioni ni mzee mmoja anayeuona mlingoti akiwa amekaa barazani kwake.

Fundi wa kampuni alikuwa ameshahangaika. Amebadilisha kidishi cha yule mzee, amebadilisha waya, amebadilisha hata redio. Mwisho akaiinamisha antena ya kituo digrii 5. Tudor ikafurahi siku moja, Kisauni ikazimika, akairudisha ilipokuwa. Simlaumu. Ukiwa juu ya paa na simu inalia, unashika kile kinachogeuka.

Mimi niliomba orodha ya wateja wote pamoja na kiwango cha mawimbi kila mmoja anachopokea. Nikachukua ramani, nikachoma bikari kwenye jengo, nikaanza kutia alama nyekundu kwa kila nyumba yenye shida. Baada ya nusu saa nilikuwa natazama kitu ambacho sijakisahau: alama zilikuwa zimejipanga kwa pete. Pete moja kama mita 460 kutoka kwenye jengo, nyingine kama mita 315, nyingine kama 240. Kati ya pete na pete watu walikuwa wanapata, si vizuri sana, lakini wanapata. Ndiyo sababu jirani alikuwa akimcheka jirani. Nyumba mbili zinazotazamana kwenye kichochoro kimoja, hii ina neti, ile haina, na zote zinauona mlingoti.

Nyumba haziharibikiwi kwa pete. Kinachochora pete ni antena.

Antena yenyewe ilikuwa kioo cha bati kilichokunjwa kwa parabola upande mmoja tu, wa juu kwenda chini, kama kipande cha mtaro kilichosimamishwa. Kimo chake sentimita 30, upana sentimita 60, na chini yake imekaa honi ndogo inayolitemea bati mawimbi. Kulia na kushoto wimbi linaachwa litawanyike kwa digrii 60 ili lifunike mtaa. Juu na chini, parabola inalibana. Kipimo cha haraka tunachokitumia kazini ni kuzidisha urefu wa wimbi kwa 70, kisha kugawa kwa kimo cha kioo. Kwenye gigahetsi 28 wimbi lina urefu wa milimita 10.7, kwa hiyo mwale wa antena ile ulikuwa na unene wa digrii 2.5 tu. Mteja wa kilomita 1.5 ukimtazama kutoka kwenye paa yuko digrii 1.4 chini ya upeo, na huko ndiko antena ilikolengwa. Mteja wa mita 200 yuko digrii 10 chini. Mwale mkuu unampita juu ya kichwa.

Kinachomfikia ni miale midogo ya pembeni. Kioo chochote chenye mwisho huitoa, hakuna ujanja wa kuimaliza, na kati ya mwale mmoja na mwingine pana mwanya ambamo mawimbi yaliyotoka juu ya kioo na yaliyotoka chini ya kioo yanafutana. Kwa kioo cha kimo kile, ukishatoka kwenye mwale mkuu, mianya inafuatana takriban kila digrii 2. Nilipiga hesabu ya mianya mitatu ya kwanza: digrii 4.5, 6.5 na 8.6 chini ya upeo. Ukiziteremsha pembe hizo kutoka kimo cha mita 36, zinagusa paa kwenye mita 457, 316 na 238. Nilizichora kwa penseli juu ya alama nyekundu. Zilikaa.

Yupo atakayeuliza: huyu wa mita 460 yuko karibu zaidi ya mara 3 kuliko wa Kisauni, kwa nini ukaribu usimfidie? Unamfidia, kwa desibeli 10 (kila desibeli 10 ni nguvu mara 10). Lakini mwanya unaweza kumnyang'anya 30 na zaidi. Anabaki na deni.

Hapa ndipo nilipotaka meneja akae chini tuongee, kwa sababu kosa halikuwa la fundi wala la kiwanda. Kioo kile kilitengenezwa vizuri kabisa kwa kazi nyingine. Kilinunuliwa kwa sababu kwenye karatasi kilikuwa na ukuzaji mkubwa kuliko vingine vya bei ile, yaani kilikusanya nguvu upande mmoja kuliko wenzake. Kwa kiungo cha paa kwa paa hiyo ndiyo sifa. Kwa kituo kinachohudumia mtaa mzima, kuanzia nyumba za chini ya jengo hadi ng'ambo ya maji, ni kama kumwajiri muadhini anayeita upande mmoja tu wa mji.

Umbo linalofaa linajulikana tangu rada za Vita vya Pili vya Dunia. Rada ya ndege ilipaswa kuiona ardhi ya karibu na ya mbali kwa mwangaza ule ule, na hesabu ikatoa mkunjo unaoitwa kosekanti mraba. Jina linatisha kuliko maana. Umbali ukipungua nusu, nguvu inayomfikia mtu huongezeka mara 4, basi wewe mpelekee robo. Endelea hivyo kutoka kwa wa mbali hadi wa karibu, na wote walio kimo kimoja watapokea sawa. Kwa vipimo vyetu, mteja wa mita 100, aliye digrii 20 chini, anahitaji desibeli 23 pungufu ya kilele cha antena. Hiyo ni sehemu 1 katika 200. Wa karibu hawadai kingi. Wanadai kisikatike.

Lakini nguvu hiyo ya mkia, yaani ile inayoteremkia wa karibu, inatoka mahali, inatoka kwenye mwale mkuu. Kwa hesabu zangu kilele kingeshuka kwa karibu desibeli 2. Meneja aliinua macho kwenye karatasi. "Mwezi wa Mei nitawajibu nini watu wa Kisauni?" Ni swali la mtu anayeijua Mombasa. Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, na kwenye gigahetsi 28 mvua ya milimita 50 kwa saa inakula karibu desibeli 9 kwa kila kilomita. Njia ya kilomita 1.5 ikilowa yote, zinaondoka kama 13.5. Desibeli 2 ni sawa na kuongeza mita 220 za mvua hiyo mbele ya kila mteja wa mbali. Akiba yao siku kavu ilikuwa kama desibeli 20. Ingebaki 18, ambayo bado inaivuka dhoruba ile. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba desibeli 2 za ng'ambo zingeweza kurudishwa kwa njia nyingine, upande wa mteja. Hakuridhika siku ile. Aliuliza habari ya antena ya pili ya kuinamia chini. Ingetaka redio ya pili na masafa yake. Aliuliza habari ya paneli za safu, zile bapa. Ni nzuri, ila kwenye mawimbi mafupi namna hii njia za shaba zinazogawa mawimbi ndani ya paneli zinameza desibeli zake njiani, na bei ilikuwa juu ya uwezo. Bati halimezi kitu. Likikunjwa sawasawa, linarudisha karibu kila linachopewa.

Tukakubaliana kulikunja upya.

Kusanifu mkunjo wenyewe si uchawi. Unaigawa nguvu inayotoka kwenye honi vipande vyembamba vya pembe, unajua kila kipande kina kiasi gani, halafu unaamua kila kipande kiende pembe gani chini, hadi jumla ilingane na kosekanti mraba. Kisha bati linajengwa hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na mwinamo unaotosha kupeleka kipande chake mahali pake. Kanuni ya kioo cha kawaida inatosha: ukikiinamisha kioo digrii 1, mwale unageuka digrii 2. Sehemu ya chini na ya katikati ya bati letu ilibaki karibu parabola ile ile, inawahudumia Kisauni. Upindo wa juu ulijikunja kuja mbele, ukiachana na parabola pole pole, hadi ukingoni tofauti ikafika digrii 9 hivi. Ukiiweka ile ya zamani na hii mpya ubavu kwa ubavu, mtu asiyejua atadhani hii mpya imeangushwa ikapinda.

Kazi ya bati niliipeleka kwa mzee mmoja fundi ambaye ujanani alijenga mashua, sasa anatengeneza madirisha ya alumini karibu na Shimanzi. Nilimpelekea mchoro wa ukubwa halisi. Aliutazama kwa muda, akapitisha kidole juu ya mstari, akasema, "Haya ni mataruma." Ndivyo ilivyokuwa: mbavu saba za mbao ngumu zilizochongwa kwa mkunjo mmoja, na bati la alumini la milimita 1.5 likilazwa juu yake kama ubao wa ubavuni mwa chombo. Tulichagua kioo chenye mkunjo wa upande mmoja kwa sababu hiyo hasa. Bati linakubali kukunjwa upande mmoja bila kugongwa nyundo, na nyundo ndiyo adui. Heinrich Hertz mwenyewe, mwanafizikia aliyethibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo, mwaka 1888, alipotaka kioo cha mawimbi ya redio, alikunja bati la zinki juu ya fremu ya mbao. Tofauti yetu na yeye ni kwamba wimbi lake lilikuwa la makumi ya sentimita, letu la sentimita 1 na ushei, na bati linasamehe kwa kadiri ya urefu wa wimbi.

Mtu aliyezoea madishi makubwa ya TV ya zamani atashangaa linavyosamehe kidogo. Mhandisi wa antena John Ruze alitoa kanuni ambayo bado ndiyo tunayoitumia: makosa yaliyotapakaa juu ya uso wa kioo, ukiyalinganisha na urefu wa wimbi, yanakuambia umepoteza kiasi gani. Kwenye dishi la gigahetsi 4, makosa ya wastani wa milimita 1 yanakula chini ya desibeli 0.2, hakuna atakayejua. Kwenye gigahetsi 28 milimita hiyo hiyo inakula desibeli 6, yaani robo tatu ya nguvu imetoka nje ya njia. Tukajiwekea mpaka wa robo milimita.

Bati la kwanza halikufika. Katikati lilikuwa zuri, lakini upindo wa juu, pale mkunjo unapokaza, lilijivuta nyuma. Tulipoliwekea kigezo na kupenyeza vibanzi vya kupimia nafasi, ukingo ulikuwa nyuma kwa milimita 1 katika upana wa sentimita 5 za mwisho. Kosa la namna hii halijatapakaa, limekaa mahali pamoja, kwa hiyo kanuni ya Ruze haikuwa na la kuniambia. Mwale mkuu haukuguswa. Kilichoumia ni mkia: digrii 1 na kidogo kwenye bati, zaidi ya digrii 2 kwenye mwale, na mkia uliotakiwa kufika digrii 20 ukaishia kwenye 17 na ushei. Nyumba zilizo ndani ya mita 114 zingebaki gizani. Nilikuwa nimeshafikiria skrubu za kuvutia. Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, bati hili lataka kurudi kwao. Lipeleke mbele ya unapotaka, likirudi litafika papo." Akachonga mbavu nyingine ambazo kwenye upindo zilizidi mchoro wangu, akalikaza bati jipya, akaliacha usiku mzima. Asubuhi kibanzi cha robo milimita hakikupita popote.

Tulipima uwanjani, nyuma ya godown, bila maabara. Kwa kioo cha upana wa sentimita 60 unapaswa kusimama angalau mita 67 mbali kabla wimbi halijatulia umbo lake, nasi tulikuwa na mita 80 za uwazi. Vyombo vyote viwili tuliviinua juu ya jukwaa ili ardhi isituchanganye. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, tuliinamisha antena digrii moja moja kwa pimamaji ya kidijitali na kuandika kila namba. Ile ya zamani tuliipima kwanza. Mianya ilionekana wazi, namba zikitumbukia na kuibuka. Kisha mpya: mkia ulishuka kama ngazi hadi digrii 20, ukiyumba desibeli 2 juu au chini ya mstari niliouchora, bila shimo. Kilele kilikuwa kimeshuka desibeli 1.8.

Kifuniko nitakitaja kwa kifupi ingawa kimeua antena nyingi pwani hii. Tulitumia polikaboneti ya milimita 3, kwa sababu kwenye masafa haya unene huo ni karibu nusu ya wimbi likiwa ndani ya plastiki, na miakisiko ya nyuso mbili inafutana. Tukakiinamisha mbele na kukipaka nta ya gari ili maji yadondoke badala ya kutanda, kwani utando mwembamba wa maji juu ya kifuniko unaweza kula desibeli kadhaa peke yake. Skrubu za chuma kisichoshika kutu, washa za plastiki ili alumini isilike kwa chumvi. Waya zote ndani ya bomba, kwa ajili ya kunguru. Mkazi wa Mombasa hahitaji maelezo juu ya kunguru na waya.

Ilipanda paani mwezi wa Aprili. Pete zilitoweka kwenye ramani siku hiyo hiyo. Mzee wa barazani, aliye mita 240, akawa anapokea sawa na mtu wa Kisauni, na meneja akaacha kupokea simu yake ya jioni.

Wiki mbili baadaye zikaanza simu za alfajiri. Mama mmoja wa ng'ambo, nyumba yake iko karibu na ufuo, hupokea oda za mahamri kwa simu tangu saa 11, na alisema neti inakuja na kwenda "kama pumzi", dakika chache ipo, dakika chache haipo. Kila mtu akakiangalia kioo kipya. Mimi nikaomba kumbukumbu za redio za miezi ya nyuma, na pumzi ile ilikuwamo humo tangu Desemba. Ilizimwa na kelele za Tudor. Kilichonipa jibu ni alilosema mama mwenyewe: "Upepo ukiamka, inapona."

Mawimbi yanamfikia kwa njia mbili, moja kwa moja kutoka kwenye mlingoti, na nyingine ikigonga maji kama mita 270 mbele ya nyumba yake. Njia hizi mbili zinatofautiana kwa nusu mita na zaidi kidogo, na maji yakipanda sentimita 14 tofauti hiyo inasogea wimbi zima: kutoka kusaidiana, hadi kufutana, hadi kusaidiana tena. Siku za bamvua, maji yanapojaa kwa kasi, sentimita 14 ni dakika 10 hadi 15. Ila maji lazima yawe kioo. Kwa pembe ile ndogo, viwimbi vya kimo cha sentimita 4 tu vinatosha kuuvunja mwakisiko. Alfajiri shwari hakuna viwimbi. Saa 3 upepo unavikoroga, na pumzi inakwisha.

Kwenye mlingoti njia hizo mbili zimeachana kwa digrii 0.8 tu, hakuna kioo cha sentimita 30 kitakachozitenganisha. Lakini kwa mama moja inatoka juu, nyingine inatoka chini, na kati yake pana digrii 3.5. Kidishi chake kilikuwa cha sentimita 12, mwale wake digrii 6, kinaziona zote mbili. Tukampa cha sentimita 30, mwale wa digrii 2.5, tukakilenga kwa makini. Maji hakiyaoni tena. Na kwa kuwa kidishi hicho kinakusanya desibeli 8 zaidi, zile 2 za meneja zilirudi na nyongeza. Amewabadilishia wateja wote wa ufuoni, kabla ya Mei.

Imebaki nyumba moja, mita 150 kutoka kwenye jengo, katikati kabisa ya mkia. Mbele ya paa lake umesimama mwarobaini mkubwa, na majani mabichi kwenye masafa haya ni ukuta. Fundi wa kampuni alipendekeza tawi likatwe. Bibi mwenye nyumba alimwambia mti huo aliupanda marehemu mumewe, na chini yake ndipo wajukuu hukaa mchana. Tuliweka kidishi kwenye paa la jirani, waya ukapita juu ya ukuta, na mwarobaini uko pale pale.